Kununua nyumba Dodoma, mji uliozaliwa na kituo cha reli: tukague nini kabla ya kutoa fedha?

Mkazi wa Makole (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Ninafungua uzi huu kwa ajili ya wanaohamia Dodoma kwa kazi au biashara na wanaotafuta nyumba ya kununua, kwa sababu maswali yanayoulizwa humu yanafanana sana: nyumba ya vyumba vitatu Kisasa inauzwaje, kiwanja cha Iyumbu kimefika bei gani, dalali yupi ni mwaminifu. Bei ni swali halali, ila kwa mji huu mimi ninaliweka mwisho. La kwanza ni mchoro wa mipango miji, la pili ni maji, la tatu ni karatasi za muuzaji. Nyumba yenyewe, pamoja na vigae vyake na geti lake zuri, itazamwe baada ya hayo matatu kujibiwa.

Sababu yangu imo katika namna mji ulivyopatikana. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, hapa palikuwa na makazi ya Wagogo na njia ya misafara. Reli ilipofika mwaka 1910 pakawekwa kituo, na kabla njia haijafika Kigoma mwaka 1914, maduka, maghala na ofisi za serikali vilikuwa vimeanza kupangwa kukizunguka kituo hicho. Hadi leo ukitoka stesheni ya zamani kwa miguu, unaikuta hoteli iliyokuwa ya reli, unaingia Uhindini, unafika Majengo, na mji wa enzi ile unakuwa umekwisha. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ambayo sote tuliiita CDA, na mwaka 1976 Mpango Kabambe ukatolewa na kampuni ya washauri kutoka Toronto, Kanada. Kazi iliyotarajiwa kuchukua miaka 10 ilisuasua kwa zaidi ya miaka 40, mpaka Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahama kweli. CDA ikavunjwa Mei 2017, shughuli zake zikahamia halmashauri, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba huu ni mji ambao mstari huchorwa kwanza na watu hufuata. Mchoro ulikuwa wa reli, ukaja wa washauri wa Toronto, na sasa upo wa Mji wa Serikali wa Mtumba na wa barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3. Kila mchoro umewapandisha thamani watu fulani na umewabomolea wengine, na mara nyingi tofauti ya hao wawili ilikuwa mita chache tu. Anayenunua kwa kutazama jengo bila kutazama mchoro ananunua bahati.

Kuhusu ukubwa wa mabadiliko, sensa zinatosha: mwaka 2012 wilaya ya mjini ilikuwa na watu 410,956, na mwaka 2022 jiji lilikuwa na watu 765,179. Mji ulioongezeka namna hiyo kwa miaka 10 hauwezi kuwa na barabara, mitaro na mabomba yanayolingana na idadi ya watu wake, hata viongozi wake wakeshe kazini.

Sasa maeneo. Mji wa zamani, yaani Uhindini, Majengo, Makole na majirani zake, una faida ya ukaribu: hospitali ya mkoa, soko la Majengo, benki na stesheni ya zamani vyote vinafikika bila gari. Viwanja vyake ni vidogo, nyumba nyingi ni za mirathi yenye warithi wengi, na zile zenye sura ya kota za shirika zinahitaji uchunguzi wa ziada, kwa kuwa mtu anayeishi kwenye kota kwa miaka mingi anaweza kuwa mpangaji tu wa taasisi ya umma hata kama anazungumza kama mwenye mali. Kundi la pili ni maeneo yaliyopangwa na CDA, kama Area A, Area C, Area D, Mlimwa, Kisasa na Ilazo. Huko barabara zimenyooka na viwanja vina nafasi, na bei inajua hivyo. La tatu ni pembezoni inayokua sasa: Iyumbu, Nzuguni, Njedengwa, Mkonze, Nala, Msalato, na upande wa Ihumwa hadi Mtumba, ambako Ofisi za Serikali zipo takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Taasisi za umma nazo zimejenga huko: Shirika la Nyumba la Taifa lipo Iyumbu, Watumishi Housing wapo Njedengwa, na Wakala wa Majengo wapo Nzuguni.

Kwenye karatasi, jambo la pekee la Dodoma ni urithi wa CDA. Mamlaka ile ndiyo iliyoshika milki ya eneo la makao makuu na kuwakodishia wananchi kwa muda wa miaka 33, wakati sehemu nyingine za nchi watu walipata hati za hadi miaka 99. Baada ya kuvunjwa kwake hati mpya zikaanza kutolewa kwa miaka 99, lakini bado utakutana na muuzaji anayekuonyesha mkataba wa CDA ambao hakuwahi kuubadilisha, au barua ya toleo, yaani ya kupewa kiwanja, isiyofuatwa na hati. Karatasi hizo zinaweza kuwa za kweli kabisa. Tatizo ni kwamba zinaweza kuwa za kweli na bado kiwanja kile kile kikawa na mtu mwingine mwenye karatasi ya kweli, na mabaraza ya ardhi ya hapa yamezisikia kesi za aina hiyo mpaka yamechoka. Kwa hiyo usiridhike na nakala ya hati. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa, upate jibu la maandishi linaloonyesha jina la mmiliki, muda uliobaki, kama kuna rehani ya benki na kama kuna zuio. Halafu nenda jijini, idara ya mipango miji, uulize kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kwenye mchoro kimeandikwa matumizi gani. Nyumba nzuri iliyojengwa juu ya eneo la wazi au eneo la shule itabaki nyumba nzuri hadi siku watakapokuja kuibomoa.

Kuhusu maji nitaandika baadaye, maana mada hiyo ni ndefu. Karibuni kwa maswali.

Mama Wawili

Asante kwa uzi huu, kaka. Mume wangu amehamishiwa wizara iliyopo Mtumba na mimi nitabaki Dar es Salaam na watoto hadi mwaka wa masomo uishe. Tuna akiba ambayo haitoshi kununua nyumba iliyokamilika katika maeneo ya CDA, lakini inatosha kiwanja na kuanza ujenzi, au kununua pagale lililofika usawa wa lenta huko Ihumwa. Benki moja imetuambia tunaweza kukopa. Je, ni busara kununua sasa au tupange kwanza? Na pagale ni jambo la kuogopwa?

Mkazi wa Makole

Dada, ningekushauri mzee wa nyumba apange kwanza, hata kama kodi ya hapa inauma, na hasa apange upande ule ule mnaotaka kununua. Masika yakimkuta akiwa mpangaji atajua bure mambo ambayo dalali hatamwambia: barabara ipi inakatika, maji yanatoka siku zipi, gari la abiria linapita hadi saa ngapi. Akumbuke tu kwamba wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na kwamba wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, nyumba za kupanga na vyumba vya wageni huwa adimu kuliko miezi mingine. Ni vyema atafute kabla ya hapo au baada yake.

Kuhusu mkopo, riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, na benki itataka nyumba yenye hati safi ndiyo iwe rehani. Pagale lenye mkataba wa mauziano wa mtaani halitakubaliwa. Ukiona benki imekataa nyumba fulani baada ya mwanasheria wake kuipekua, chukua kukataa kwake kama ushauri uliopewa bila malipo.

Pagale si la kuogopwa ikiwa utajua kwa nini mwenyewe alisimama. Wengi husimama kwa sababu fedha imekwisha, na hao ndio wa kununua kwao. Wengine wamesimamishwa na jiji kwa kukosa kibali cha ujenzi, au wamegundua kwamba kiwanja kina mgogoro na wanatafuta mtu wa kumwachia mzigo. Omba kibali cha ujenzi na michoro iliyogongwa mhuri. Halafu mpeleke fundi asiyefahamiana na muuzaji aangalie msingi na nondo. Tofali za saruji zilizopigwa jua na upepo wa hapa kwa misimu kadhaa bila kuezekwa huanza kumong'onyoka pembeni, na hilo hulioni kwenye picha za simu.

Kijana wa Kizota

Ndugu mleta uzi, maelezo yako ni mazuri lakini yanawafaa wenye fedha. Sisi wengine tulinunua vipande vya ardhi kutoka kwa wenyeji, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, tukajenga vyumba viwili tukahamia, tukaongeza vingine kadiri Mungu alivyojalia. Leo tuna umeme, watoto wanasoma, na mtaa wetu umo kwenye zoezi la urasimishaji makazi. Kama tungesubiri viwanja vilivyopimwa, tungekuwa bado tunalipa kodi Majengo. Mji huu umejengwa na watu wa namna yetu pia, tusitishwe.

Mkazi wa Makole

Ndugu yangu, sikatai. Bila nyumba zenu mji huu usingekuwa na mahali pa kulala fundi, mwalimu wala muuza matunda. Ila tutofautishe mambo mawili. Aliyenunua miaka ile kwa bei ya shamba alibeba hatari iliyolingana na fedha aliyotoa. Anayenunua leo kipande kile kile kwa bei inayokaribia ya kiwanja chenye hati anabeba hatari ile ile kwa fedha nyingi zaidi, na hapo ndipo ninapomzuia. Urasimishaji nao husaidia, lakini haufuti mchoro uliopo: mtaa ukipimwa, zipo nyumba ambazo zitakutwa kwenye barabara, mkondo wa maji au eneo la huduma ya umma, na wenye nyumba hizo hawatapewa hati kwa sababu tu majirani wamepewa. Anayenunua katika mtaa unaorasimishwa aulize nyumba anayoitaka imepewa namba ya kiwanja kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Kama mtaa umepimwa na nyumba hiyo peke yake haina namba, jibu amekwisha kulipata.

Jingine: mwenyekiti wa mtaa anafaa sana kuulizwa habari za muuzaji na majirani, na busara inataka umfahamu maana utaishi katika mtaa wake. Lakini mhuri wake hauhamishi milki ya kiwanja kilichopimwa, na hakuna sheria inayompa asilimia ya bei ya mauzo. Ukiombwa asilimia, omba na stakabadhi ya serikali.

Mpimaji Mstaafu

Nimesoma tangu mwanzo na ningependa kuongeza machache kutokana na kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, ingawa si yote kwa hapa Dodoma.

La kwanza ni vigingi, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Mnunuzi huonyeshwa kiwanja kwa kidole: kutoka mti ule hadi nyumba ile. Asikubali. Amchukue mpima ardhi aliyesajiliwa aingie na ramani ya upimaji, atafute vigingi kwa vipimo vyake, na kama vimeng'olewa avirudishe mahali pake kwa utaratibu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kujenga nyumba nzima kwenye kiwanja cha jirani, jambo ambalo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, hasa katika maeneo mapya ambayo viwanja vyote vinafanana na nyasi zimeota juu ya vigingi.

La pili ni mashamba. Dalali atakwambia ekari moja ina mita za mraba 4,047 na kwamba utapata viwanja vingapi ukigawanya. Hutapata idadi hiyo. Eneo likipangwa, sehemu inakwenda barabara, sehemu huduma za umma na maeneo ya wazi, na mara nyingi sehemu nyingine hubaki kwa waliogharimia upimaji kufuatana na makubaliano. Anayenunua shamba pembezoni mwa jiji ahesabu kile kitakachobaki baada ya mpango. Vilevile ajue kama eneo bado ni ardhi ya kijiji au limeshatangazwa kuwa la mipango miji, kwa sababu Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zina taratibu tofauti na mamlaka tofauti za kuidhinisha.

La tatu ni hifadhi za miundombinu, yaani maeneo ya kandokando ya reli na barabara yasiyotakiwa kujengwa, na hapa historia ya reli aliyoieleza ndugu wa Makole inarudi. Reli ya zamani ina eneo lake la hifadhi kila upande, reli mpya ya SGR ina lake, na barabara kuu zina lao. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Waliokuwa ndani ya ongezeko lile kihalali wana haki ya fidia, na nyumba zao zimekuwa zikiwekewa X ya kijani. Waliojenga ndani ya hifadhi bila haki huwekewa X nyekundu na hawalipwi. Kuna wauzaji wanaopaka rangi ukuta upya kabla ya kuleta mteja. Waulize majirani kama mtaa ule umewahi kupitishwa alama, na utazame kuta zao ambazo hazikupakwa.

Binti wa Kigogo

Shikamoo Mzee Mpimaji, umesema yote kwa upole. Naomba niseme la upande wetu sisi ambao wazazi wetu ndio wenye mashamba yanayouzwa.

Wanunuzi wengi hukutana na mzee mmoja, wanakubaliana naye, wanaondoka wakiamini kwamba wamemaliza. Shamba la familia halina mtu mmoja. Kuna wake, kuna watoto waliopo mjini, kuna ndugu aliyeachiwa kipande na marehemu. Hata kwa nyumba ya mjini, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo ridhaa hiyo iandikwe na isainiwe, isiwe ya kutikisa kichwa sebuleni. Kama mwenye mali amefariki, anayestahili kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwana mkubwa kwa kuwa mkubwa hana mamlaka hayo. Nimeona wageni wakilalamika kwamba Wagogo wanauza shamba mara mbili, na ni kweli wapo waliofanya hivyo; lakini mara nyingi ni watu wawili wa familia moja, kila mmoja ameuza alichoamini ni chake, na mnunuzi hakutaka kuuliza kwa sababu bei ilimfurahisha.

Kuhusu kuishi hapa, msilete nyumba ya Tanga. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua yote ya mwaka ni takriban milimita 570. Miezi inayobaki ni upepo na vumbi, na Juni na Julai usiku baridi inakaza. Mababu walijenga tembe: kuta nene za udongo, paa la chini la bapa, mlango uliokingwa na upepo. Hatuwezi kurudi huko, lakini akili yake inafaa. Madirisha makubwa ya vioo yaliyoelekea upande wa upepo, yaani mashariki, yatakufanya ufagie mara tatu kwa siku. Panda miti siku ya kwanza, hata kabla ya ukuta.

Mkazi wa Makole

Ahsante sana dada. Sasa nitimize ahadi ya maji, kwa kuwa mvua imetajwa.

Chanzo kikuu cha maji ya mji huu kwa miaka mingi kimekuwa visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa jiji. Visima vile vilikuwa vya mji mdogo. Vimeongezwa, vimechimbwa na vingine katika mitaa mbalimbali, na mipango ya bwawa la Farkwa na ya kuleta maji ya Ziwa Victoria imezungumzwa kwa muda mrefu, lakini kwa mkazi wa leo ukweli ni mgao. Katika mitaa fulani maji hutoka siku chache kwa wiki, katika mingine hutoka usiku, na ipo ambayo bomba limefika na maji hayajafika. Kwa hiyo unapokagua nyumba usifungue koki mara moja ukaridhika. Tazama ukubwa wa simtanki na urefu wa mnara wake, uliza kama kuna tangi la chini, na muulize mama wa nyumba ya jirani ratiba ya mgao, maana yeye ndiye anayeamka kujaza. Omba ankara za DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, za miezi kadhaa: zikionyesha matumizi ya sifuri katika nyumba yenye watu, basi maji yanatoka kwingine.

Kisima binafsi ni suluhisho ambalo madalali hulisifu kupita kiasi. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za hapa yana chumvi, yanafaa kuosha gari na choo lakini chai yake haina ladha ya chai, na yanaharibu mabomba na hita. Yaonje, na kama fedha inaruhusu yapimwe maabara. Kuvuna maji ya mvua kunafaa kuliko watu wanavyofikiri hata kwa mvua chache: paa la mita za mraba 150 likipata milimita 570 hupokea zaidi ya lita 80,000 kwa mwaka, na hata ukipoteza robo yake unabaki na maji mengi, ilimradi una mahali pa kuyahifadhi.

Kuna na udongo. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa hapo kwa msingi wa kawaida hupasuka kuta hata kama saruji haikuibwa. Ongeza kwamba tupo kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na ardhi hutikisika mara kwa mara, kwa kawaida kidogo. Nyufa za mshazari kuanzia pembe za madirisha na milango ndizo za kuogopa. Nyufa nyembamba za plasta zisikukoseshe usingizi.

Abiria wa Kigoma

Mimi nimekulia kandokando ya reli hii, kwa hiyo uzi umenigusa. Ninakumbuka Dodoma ya miaka ambayo mvua zikikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, abiria wa bara walilazimika kupandia treni hapa baada ya kuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mji ulichangamka stesheni tu, kwingine usingizi. Swali langu ni la sasa. SGR imeanza kubeba abiria hadi Dodoma tangu Julai 2024, na watu wanasema nyumba iliyo karibu na kituo kipya ndiyo dhahabu. Kuna ukweli?

Mkazi wa Makole

Upo, ila kwa kiasi. Treni ya umeme imefanya safari ya Dar es Salaam kuwa ya saa tatu na nusu hadi nne, wakati basi kwa barabara ya takriban kilomita 450 humaliza siku nzima. Hilo limebadilisha maisha ya watumishi: familia nyingi sasa hazihami, baba au mama anakwenda Ijumaa na kurudi Jumapili jioni. Dada Mama Wawili na mume wake ni mfano. Kwa mtazamo huo reli imeongeza mahitaji ya vyumba vya kupanga vya mtu mmoja na nyumba ndogo, na huenda imepunguza haraka ya kununua nyumba kubwa ya familia. Anayejenga kwa ajili ya kupangisha alifikirie hilo kabla hajachora nyumba ya vyumba vitano.

Kuhusu ukaribu, kituo kipya hakipo pale kilipo cha zamani, na mji wa biashara haujahama kukifuata. Mtu husafiri kwa treni mara moja au mbili kwa mwezi, lakini kazini, sokoni na shuleni anakwenda kila siku. Mimi ningelipia zaidi nyumba iliyo karibu na barabara ya lami inayopita daladala za kwenda Mtumba na mjini, kuliko ile iliyo karibu na kituo. Stendi kuu ya mabasi na Soko la Ndugai vilipopelekwa Nzuguni, vilivuta fremu za biashara na wapangaji upande ule kwa sababu watu huvitumia kila siku.

Mama Wawili

Nawashukuru nyote, Mzee Mpimaji shikamoo. Tumekubaliana mume wangu apange Ihumwa kwanza. Hata hivyo tumeletewa nyumba nyingine ya zamani mjini, ina hati, muuzaji ana haraka, na ukuta wa nyuma unapakana na njia ya reli ya zamani. Anasema tutoe nusu leo na nusu tukisaini. Gharama nyingine zaidi ya bei ni zipi, na huo ukuta una shida?

Mkazi wa Makole

Haraka ni ya muuzaji, ninyi msiibebe. Mkataba uandikwe na wakili wenu, si wa kwake, na ueleze nani analipa nini. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kisheria ni ya muuzaji, lakini wapo wanaoitupa kwa mnunuzi kimyakimya. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kuna uthamini utakaoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kuna ada za kibali na usajili wa uhamisho, kuna wakili, na kuna dalali ambaye ni bora mkubaliane naye kwa maandishi kabla hajawafungulia geti la kwanza. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi za miaka yote, kwa sababu deni hufuata kiwanja na likizidi milki inaweza kubatilishwa. Kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo angalieni na mita kama ina deni. Fedha ya awali iwe kidogo, ipite benki, na kiasi kikubwa kilipwe fomu za uhamisho zikiwa zimesainiwa na wanandoa wote wawili wa upande wa muuzaji na upekuzi ukiwa umerudi safi. Habari ya ukuta ninamwachia mzee.

Mpimaji Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hati inaweza kuwa halali na ukuta ukawa si halali, maana hati inahusu kiwanja kilichomo ndani ya vigingi, na wenye nyumba wa kandokando ya reli wana desturi ya kusogeza ukuta wakiona eneo la nyuma lipo wazi. Mpeleke mpima atafute vigingi viwili vya nyuma. Kama ukuta upo ndani yake, andika barua kwa shirika la reli pamoja na nakala ya ramani, uulize kama kiwanja kinaingiliana na hifadhi yao, na usubiri jibu la maandishi. Kama ukuta umevuka, mwambieni muuzaji auvunje na kuurudisha kwa gharama yake kabla ya kusaini, na bei ipigwe upya kwa eneo lililo ndani ya vigingi. Akikataa, mwacheni na haraka yake.